Mawe ya Kolo Yalivyonichagulia Laptopu

Mwalimu aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama, akaisogeza dirishani, akaitazama tena. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona mawe yetu yameungua?"

Mwalimu huyu ni mstaafu, mzaliwa wa Kondoa, na alikuwa ameniagiza nimchoree mwamba mmoja wa Kolo, kulekule Kondoa, autundike sebuleni kwake, mtaa wa Kisasa hapa Dodoma. Anayeijua Kolo anaelewa uzito wa kazi hiyo. Ile michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, ina wekundu usio na jina moja. Kuna mahali ni kama damu iliyokauka, kuna mahali ni kama kichuguu kilichonyeshewa, na kuna mahali umefifia hadi mnyama humwoni mpaka usogee pembeni kidogo. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa chini ya jiwe na daftari nusu siku nzima, nikarudi Dodoma nikachora kwa wiki tatu. Kwenye kioo cha laptopu yangu wekundu ulikaa sawasawa na nilivyouona kule. Kwenye karatasi ulitoka wekundu wa nyanya. Na nilipomrushia mwalimu faili kwenye simu yake, ulikuwa wa nyanya vilevile, kwa hiyo sikuwa na haki ya kumlaumu kijana aliyeniprintia.

Sikulala vizuri usiku ule. Kazi ya wiki tatu, na macho yangu mwenyewe yalikuwa yameniambia kwamba iko sawa.

Laptopu ile niliinunua mwaka 2021 kwa laki sita na nusu, ya mtumba, kupitia kwa mjomba aliyekuwa amekwenda Kariakoo kwa shughuli zake. Nilimpa maagizo mawili tu: iwe nyembamba, na iwe na kibandiko cha i7, daraja mojawapo la prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta, kwa sababu kila niliyemuuliza alinihakikishia kuwa i7 ndiyo mashine ya watu wa grafiki. Mjomba akanipigia akiwa dukani. "Ipo hapa, i7, nyembamba kama daftari la shule. Nichukue?" Nikamjibu, "Chukua, mjomba." Alifanya nilivyomtuma.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kibandiko hakisemi lolote mpaka usome na namba iliyo mbele yake, na herufi ya mwisho. Prosesa ya Intel yenye herufi U imetengenezwa ili itumie umeme kidogo na ikae kwenye laptopu nyembamba. Yenye H inakula umeme mwingi zaidi na inahitaji feni kubwa, lakini ina misuli. Na i7 yangu ya kizazi cha 7 yenye U ilikuwa na viini viwili tu, yaani sehemu mbili tu za kufanya hesabu kwa wakati mmoja. Viwili! Mwaka 2017 Intel walipoleta kizazi cha 8, hata i5 yenye U, daraja la chini ya i7, kama ile i5-8250U, ilikuja na viini vinne. Maana yake i5 ya kizazi kimoja mbele ingenibeba vizuri kuliko i7 niliyojivunia. Kulijua hilo dukani hakuchukui dakika moja: kwenye Windows unabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, unaingia sehemu ya utendaji, unagusa CPU, ndiyo prosesa yenyewe, na idadi ya viini imeandikwa pale chini.

Kwa muda sikuona shida, kwa sababu nilikuwa nachora tu. Natumia Krita kuchora na Blender kwa modeli za pande tatu, zote za bure kihalali, na hilo nalisema kwa moyo wa shukrani, maana zisingekuwepo, nisingeanza kazi hii kabisa. Shida ilianza na nyumba.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, Dodoma inajengwa. Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, kila upande kuna kiwanja na kuna mtu mwenye ramani mkononi asiyeielewa. Ramani ni mistari, na mtu anayetaka kutoa akiba yake ya miaka kumi anatamani kuiona nyumba yenyewe: bati la rangi gani, baraza linapata jua saa ngapi, dirisha la jikoni linatazama wapi. Kaka mmoja wa Iyumbu akaniletea kazi ya kwanza, na mimi nikaipokea kwa furaha.

Hapo nikagundua kuwa kumbe ndani ya kazi hii kuna kazi mbili. Kumodeli, yaani kuinua kuta, kukata madirisha, kupanga vigae, hakuhitaji viini vingi. Kunahitaji kiini kimoja chenye kasi na kadi ya grafiki, yaani kifaa cha kuchakata picha, inayoweza kukuzungushia nyumba bila kukwama. Kurenda, yaani kuigeuza modeli kuwa picha kamili yenye mwanga na vivuli, ni habari nyingine. Cycles, ile injini ya kurendia ya Blender, inafuatilia safari ya mwanga, unapogonga ukuta, unaporukia sakafuni, unapopita kwenye kioo. Picha ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili. Ukiiambia irushe miale 300 kwa kila nukta, hiyo ni miale zaidi ya milioni 600, na kila mmoja unaruka mara kadhaa kabla haujaisha. Kazi hiyo inagawanywa kwa viini vyote ulivyo navyo, au inapelekwa kwenye kadi ya grafiki yenye viini vidogo mamia. Mimi nilikuwa na viini viwili na sikuwa na kadi.

Picha ya kwanza ya nyumba ya Iyumbu ilianza kurenda saa mbili usiku. Saa nane nilipoamka ilikuwa haijafika nusu, na sehemu ya juu ya kibodi ilikuwa na joto la kuchoma kidole. Saa kumi umeme ukakatika, na betri ile iliyokuwa ikishika dakika arobaini ikazima mashine alfajiri na kila kitu kikaenda. Kaka wa Iyumbu alisubiri siku nne kwa picha mbili. Hakusema neno baya, lakini kazi ya pili alimpelekea mtu mwingine.

Nilimpelekea fundi mashine, mjini kati, nikimwambia imezeeka. Akaigeuza, akafungua skrubu kumi, akainua kifuniko cha chini. "Dada, hii hujawahi kuifungua?" Sijawahi. Akaniita nisogee nione. Kati ya feni na yale mapezi ya shaba ya kutolea joto palikuwa na vumbi lililoshikana likawa kitambaa. Alilivuta kwa kibano likatoka zima, kama kipande cha blanketi, jekundu-kijivu, rangi ya udongo wetu. Wa Dodoma wenzangu mnaijua miezi ya kiangazi, upepo unavyoamka mchana na dirisha linavyopakwa unga hata likiwa limefungwa. Unga ule ule unavutwa na feni kutwa nzima. Fundi alichomeka kijiti cha meno kwenye panga za feni zisizunguke ndipo akapuliza, akinieleza kuwa feni ikizungushwa na upepo wa pampu inaweza kuharibika. Akafuta pesti ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa, iliyokuwa imekauka kama udongo wa sufuria, akapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Kabla ya hapo, prosesa ilikuwa ikifika nyuzi 97 ikirenda. Baada ya hapo ikasimama kwenye 81.

Watu wengi hawajui, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwamba prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo unaweza kununua mashine yenye nguvu na ukaitumia nusu yake, bila kuonywa na mtu. Tangu siku ile nafungua mashine kila baada ya miezi minne, na mara mbili kati ya Julai na Novemba. Laptopu isiyofunguka kirahisi kwa chini siitaki, hata iwe nzuri vipi. Kwa mtu anayeishi Dodoma nalihesabu hilo sawa na prosesa.

Haya yote nilikuwa nimeyavumilia. Ni swali la mwalimu lililonifanya nianze kuweka pesa pembeni, kwa sababu mashine ya taratibu inakuchelewesha, lakini kioo kibovu kinakudanganya.

Nilikwenda kusoma kilichotokea. Vioo vya laptopu za ofisini vya bei nafuu vingi havifiki hata theluthi mbili ya wigo wa rangi unaoitwa sRGB, ambao ndio simu, televisheni na mtandao mzima unaegemea. Wekundu mkali, kioo kama hicho hakiwezi kuuonyesha. Kinakupa wekundu uliochujuka. Mimi nikiuona umechujuka, naongeza. Nikiongeza, bado. Naongeza tena, mpaka macho yanaridhika, na wakati huo faili lenyewe limeshavuka mpaka zamani. Juu ya hapo kioo changu kilikuwa cha aina ya TN, ambacho ukiinua kichwa kidogo giza linakuwa kijivu na ukiinamisha linakuwa jeusi. Kumbe kila nilipoegemea kiti nilikuwa natazama picha nyingine. Cha aina ya IPS hakina tabia hiyo, au kinayo kidogo sana.

Kuhusu ram, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi, nitasema kwa hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyonishawishi. Picha ya karatasi ya A2 kwa nukta 300 kila inchi ni nukta 4961 kwa 7016, karibu milioni 35. Kila nukta inakula baiti 4, hivyo leya moja, yaani tabaka moja la picha, iliyojaa rangi inakaribia megabaiti 140. Leya ishirini ni karibu gigabaiti 2.8, kabla hujahesabu kumbukumbu ya kurudi nyuma unapokosea, kabla ya Windows yenyewe, kabla ya picha za rejea ulizofungua pembeni. Ukichagua kuchora kwa biti 16 kwa kila rangi badala ya 8, zidisha mara mbili. Ndiyo maana gigabaiti 8 zangu zilikuwa zinaisha brashi ikaanza kuburuza. Blender nao wanataja gigabaiti 8 kuwa kiwango cha chini na 32 kuwa kinachopendekezwa. Mimi sikuwa na pesa ya 32, lakini nilitaka mashine yenye nafasi ya kuongeza. Laptopu nyingi nyembamba siku hizi ram yake imeunganishwa kwenye bodi moja kwa moja. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo.

Nikakusanya milioni moja na laki sita. Ilichukua miezi kumi na moja.

Ushauri ulikuwa mwingi. Rafiki yangu mmoja alinihimiza ninunue kompyuta ya mezani, kwamba kwa pesa ile ile ningepata nguvu mara mbili. Ana hakika, na ni kweli. Lakini ya mezani umeme ukikatika inazima papo hapo, na kifaa cha kuihifadhia umeme ni gharama nyingine. Tena wateja wangu wanataka kuiona nyumba wakiwa kiwanjani Nzuguni, wamesimama palepale ukumbi utakapokuwa. Binamu yangu alinionyesha laptopu mpya inayogeuka na kuchorwa kwa kalamu kiooni. Ni tamu mkononi, siwezi kukataa. Nilichora mistari ya mshazari taratibu sana, ule mwendo wa kuchora ukingo wa shavu, na mistari ikatoka ikitetemeka kama iliyochorwa ndani ya daladala. Ukichora haraka hutaona kasoro hiyo, chora polepole. Kwa kuwa nilikuwa tayari na pedi ndogo ya kuchorea inayonitosha, niliona heri pesa yote iende kwenye kioo, prosesa na kadi.

Nikaangukia kwenye zile laptopu nzito za wahandisi, zilizotumika miaka mitatu au minne maofisini Ulaya kisha zikaletwa huku. Hazina sura. Zina uzito wa kilo mbili na nusu, chaji yake ni kama tofali. Ila zinafunguka kwa chini, zina nafasi za ram, na feni zake zimejengwa kwa kazi ya kutwa.

Siku ya kununua nilikwenda dukani, si mbali na Nyerere Square, nikiwa na flashi yenye vitu viwili: ile nyumba ya Iyumbu na lile faili la Kolo. Nilimwambia muuzaji mapema, "Kaka, nitakusumbua kama saa nzima. Ikinipendeza nalipa leo leo, taslimu." Akacheka, akanivutia kiti. Nawashauri wote wafanye hivyo, kuomba muda kwa adabu kabla ya kugusa mashine. Muuzaji anayekataa umeshamjua.

Mashine ilikuwa na i7 ya kizazi cha 8 yenye H, viini sita, ram gigabaiti 16, na kadi ya NVIDIA Quadro P2000 yenye gigabaiti 4 zake yenyewe. Gigabaiti za kadi zina umuhimu wake: nyumba pamoja na picha zote za matofali, vigae na majani lazima zienee humo, zikizidi kazi inadorora au inakataa. Nikaiwasha huku nikibonyeza kuingia kwenye mipangilio ya ndani kabla ya Windows, kuona kama kuna nywila. Mashine za makampuni mara nyingine zinakuja na kufuli la mwenye mali wa kwanza, na kufuli hilo siku likikuhusu fundi wa kawaida hana msaada. Haikuwa nayo. Nikaanzisha kurenda nyumba ya Iyumbu.

Dakika tano za kwanza zilikwenda vizuri, kisha kasi ikashuka kwa ghafla. Joto lilikuwa nyuzi 74 tu, kwa hiyo siyo joto. Nikakaa nikifikiri, nikainama kuitazama chaji chini ya meza. Kibandiko chake kiliandikwa volti 20, ampea 4.5. Zidisha: wati 90. Mashine hii ilitaka volti 20 kwa ampea 8.5, yaani wati 170. Ilikuwa inapewa nusu ya chakula chake, ikijibana. Muuzaji hakujua, na naamini hakujua kweli, kwa sababu alikwenda mwenyewe stoo akafukua maboksi mpaka akaipata ya kwake. Tukaanza upya. Nyumba iliyonila usiku kucha na kuniachia nusu, ikaisha kwa dakika kumi na tisa.

Kisha nikafungua faili la Kolo.

Nikaona nyanya. Mwamba wote, shingo ya twiga, wale watu wembamba wenye nywele zilizosimama, vyote vilikuwa vinapiga kelele ya wekundu. Nilikuwa nimeitazama picha ile mamia ya saa na sijawahi kuiona. Nililengwa na machozi pale dukani, na muuzaji akadhani kioo kina kasoro. Nikamwambia hapana kaka, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nikalipa.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Nimeshaongeza gigabaiti 16 nyingine, na bado kuna nafasi. Betri inashika saa moja na nusu ninaporenda, inatosha kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Mteja akitaka video fupi ya kuizunguka nyumba, sirendi video moja kwa moja. Narenda picha moja moja, 24 kwa kila sekunde, halafu naziunganisha mwishoni. Umeme ukikatika kwenye picha ya 180, naanzia ya 180. Mchana nashusha pazia, na mwanga wa kioo nauacha palepale siku zote, nisije nikachora asubuhi kwa macho mengine na jioni kwa mengine.

Picha ya Kolo niliichora upya kuanzia leya ya kwanza. Niliipeleka Kisasa Jumamosi, nikiwa nimeiviringisha ndani ya kanga. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu, umerudi na mawe?" Tukaikunjua juu ya meza ya chakula, akaweka bilauri pembe nne isijikunje. Alikaa kimya. Kisha akanyoosha kidole, akakipitisha polepole juu ya shingo ya twiga, akasimama pale inapofifia, mahali ambapo kwenye jiwe lenyewe maji ya mvua hushuka.

"Hapa," akasema. "Tulipokuwa watoto tulikuwa tunagombana kama hapa pana kichwa au hapana."